Mjane wa Uriri akata uzio alioupanda kwa mikono yake

Kwanza ni kishindo kizito, kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo. Kisha mpasuko mkavu. Kisha kitu kinaburutwa nyasini, polepole, na mtu anahema. Kimya kidogo, halafu kishindo tena.

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya kituo cha biashara cha Uriri, Kaunti ya Migori, na anayepita barabarani hawezi kujua sauti inatoka wapi. Jua linapopanda kidogo, anaonekana mwanamke mrefu aliyejifunga leso hadi puani, macho nyuma ya miwani ya kusomea, panga mkononi. Anakata mnyaa.

Anaukata chini, karibu na shina, akisimama upande unaotoka upepo. Hagusi tawi kwa mkono. Analinasa kwa upembo na kulivuta mbali naye, huku maziwa meupe yakidondoka ardhini. Maziwa hayo yakiingia jichoni, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni vizuri. Jicho la kushoto la Filister Awuor limekuwa jekundu tangu Ijumaa.

"Huu ni mlango wa nne," anasema bila kugeuka. "Nikimaliza, sitakuwa na uzio tena. Nitakuwa na vipande vya uzio."

Filister ana umri wa miaka hamsini na minane. Ni mjane, na ni fundi wa cherehani. Uzio anaoukata aliupanda mwenyewe, kijiti kwa kijiti, mita mia mbili na kumi, kuzunguka bustani ya umma iliyo kati ya soko na steji ya magari. Hakuna aliyemwajiri kuitunza bustani hiyo. Hakuna aliyewahi kumlipa.

Leo saa nne, afisa anayekagua ardhi za umma atakuja kuiona. Akiandika kwamba mahali hapa panakaa kama makazi ya mtu binafsi, alama ya bustani itafutwa kwenye ramani, na uwanja utagawanywa kuwa vibanda na maegesho. Miti yote itakatwa. Filister anajua kwamba kosa lililomfikisha hapo ni lake.

Alizaliwa Asumbi, upande wa Homa Bay, akaolewa Kanyamkago na Paul Ouko, mkulima wa miwa. Paul alifariki miaka tisa iliyopita. Binti yao, Lynnet, anasuka nywele mjini Homa Bay. Filister alibaki na nyumba ya mumewe kijijini na cherehani yake kwenye baraza la duka moja sokoni, anakoshona sare za shule na kupunguza suruali. Siku nzuri humpa shilingi mia nne. Januari, shule zinapofunguliwa, hupata zaidi. Aprili yote ni ya kungoja.

Ukimuuliza kwa nini alianza kazi ya bustani, hatoi jibu la kupendeza.

"Moshi," anasema. "Uwanja huu ulikuwa jaa. Walikuwa wanachoma plastiki kila jioni, na mimi niko hapo mkabala nashona shati jeupe. Mzazi anakuja kuchukua sare, ananusa, ananirudishia. Nilifagia ili nipate kushona."

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Alifagia mwezi mzima kabla ya kuona udongo. Alipouona, akaona pia kibao kilichoanguka kifudifudi chenye maandishi yaliyofifia kwamba hapo palitengwa kuwa bustani. Akakisimamisha. Kisha akaomba miche mia moja na arobaini kutoka kwa kikundi cha kanisa, siala na miarobaini, akaipanda siku mbili mfululizo akisaidiwa na wachuuzi watano.

Siku ya soko iliyofuata, mbuzi wakaingia.

Kufikia mwisho wa msimu ilikuwa imebaki miche thelathini na mmoja. Filister alikwenda ofisi ya kaunti kuomba waya wa miba, akaambiwa hakuna fungu la pesa hizo. Alirudi mara tatu. Mara ya nne hakurudi. Alikwenda kijijini, akasimama mbele ya uzio wa boma la marehemu mumewe, akakata matawi ya mnyaa, akayafunga mzigo, akayaleta sokoni kwa baiskeli.

Mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, hauombi maji wala mbolea. Ukichomeka tawi ardhini linaota. Mbuzi hali jani lake. Kwa miaka mingi ndio uzio wa maboma ya Waluo, na mikono ya Filister haikujua uzio mwingine.

Akaupanda kama alivyoona ukipandwa tangu utotoni. Akauzungusha. Akaacha lango moja, linalotazama barabara. Akajenga kibanda cha kuwekea majembe, na kwa kuwa upande wa juu ndio mkavu, akakiweka huko, mlango wake ukitazama lango moja kwa moja.

Mluo yeyote aliyesimama langoni aliona kitu kimoja tu. Aliona dala, yaani boma, na nyumba ya mke wa kwanza ikiwa mahali pake hasa.

Filister peke yake hakuliona. Alikuwa ndani.

Uzio ulipofika begani, miti thelathini na mmoja ilinawiri na nyasi zikafunika udongo wote. Bustani haikuwahi kupendeza hivyo. Na watu wakaacha kuingia.

Si kwa hasira. Kwa adabu tu. Waliokuwa wakipumzika hapo wakingoja gari walihamia kwenye ngazi za maduka. Wasichana wa shule waliokuwa wakisomea hapo Jumamosi walitafuta kwingine. Aliyehitaji kivuli sana alisimama langoni na kupiga hodi, akangoja akaribishwe, akaketi ukingoni mwa benchi kama mgeni, akashukuru na kuondoka. Hata wale wachuuzi watano wa mwanzo waliacha kuja kupalilia, kwa kuwa huendi kupalilia kwa mtu bila kuitwa.

"Nilifurahi," Filister anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Nilidhani ni heshima. Nilidhani sasa wamejua kazi yangu. Mtu anapiga hodi, mimi najibu karibu, nasikia vizuri moyoni. Miaka minne nikakaribisha watu mahali ambapo si pangu."

Wa kwanza kumfokea alikuwa shemeji yake, Nashon Ouko, mdogo wa Paul, mkulima mwenye umri wa miaka hamsini na sita. Alifika barazani siku moja ya Septemba, akakataa kiti.

"Mama Lynnet, umekata uzio wa ndugu yangu ukauleta sokoni," alisema. "Umehama?"

"Sijahama, Baba Levi. Nalala kule kule."

"Nimepita pale nimeona boma. Nani alikuja na jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Dala haifunguliwi bila jogoo. Au siku hizi mnafungua na cherehani?"

Wanawake waliokuwa wakingoja nguo zao walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Filister hakucheka. Kwa desturi ya Waluo, boma jipya hufunguliwa na mwanamume, akienda na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka, mkewe, na jogoo. Mjane hafungui boma peke yake. Akifanya hivyo husemwa kwamba ameleta balaa, na balaa hilo huwashukia watoto wa ukoo mzima. Nashon ana watoto saba.

"Ile ni bustani ya serikali," Filister alimwambia.

"Basi serikali imeolewa kwetu," Nashon alijibu, akapanda baiskeli yake.

Filister alipuuza. Aliandika upya kibao, herufi kubwa: BUSTANI YA UMMA, KARIBUNI WOTE. Siku iliyofuata mwanamume mmoja alisoma kibao hicho, akapiga hodi, akamuuliza anauza nini.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake Asli, mfanyabiashara wa viatu na mashuka aliyetoka Garissa. Duka lake linatazamana na bustani. Januari mwaka huu alivuka barabara akiwa na buibui la kukunjwa pindo.

"Mama Lynnet, nina ombi," Asli alisema. "Sumayya na wenzake wananivurugia duka. Naweza kuwaleta kwako wacheze kidogo? Hawatavunja kitu."

"Kwangu wapi?"

Asli alionyesha kwa kidevu. "Si pale?"

"Mama Sumayya, pale si kwangu. Ni kwa watu wote. Ni kwako pia."

"Sasa mbona umefunga kama kwako?"

Asli akaendelea, kwa upole wa mtu asiyejua anachokivunja. "Mimi nilipokuja Uriri niliambiwa, ukiona ule mti wenye maziwa umezungushwa na una mlango mmoja, hilo ni boma la mtu, usiingie bila kuitwa. Miaka minne nangoja uniite."

Jioni hiyo Filister alitoka nje ya lango, akavuka barabara hadi mlangoni mwa duka la Asli, akageuka akatazama. Anasema alisimama hapo muda mrefu mpaka Asli akamletea kigoda.

"Niliona nyumba yangu," anasema. "Niliona kama nimekufa na watu wananionyesha mahali nilipokuwa nakaa."

Mwezi mmoja baadaye barua ikaja kutoka kaunti. Mtu fulani alikuwa amepeleka malalamiko kwamba mwanamke mmoja amejimilikisha uwanja wa umma. Filister alipewa siku thelathini kabla ya ukaguzi. Malalamiko hayo hayakuwa na jina, lakini hakuyaita uongo. Aliyeandika alikuwa na macho, anasema, na macho yake yaliona alichokipanda yeye.

Alikwenda Kanyamkago. Safari hii yeye ndiye aliyekataa kiti.

"Baba Levi, wewe unajua mila kuliko mimi. Niambie ni nini kinachofanya dala iwe dala, ili nikitoe."

Nashon alimaliza kula muwa wake kwanza. "Boma lina lango moja," alisema. "Nyuma huwa na kitobo kidogo tu cha dharura. Toboa pande zote nne, mapana ya mkokoteni. Na kile kibanda kivunje. Hakuna mwenye akili atakayeita hiyo dala. Ataita njia panda."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hawajui mila."

Alikataa katakata kushika panga. Matawi yale yalitoka kwenye uzio wa marehemu kaka yake, na hangekuwa yeye wa kuyakata. Lakini kila asubuhi wiki hii amekuja kwa baiskeli kutoka kijijini, kilomita tisa, akasimama nje ya uzio mguu mmoja chini, akaelekeza kwa kidole mahali njia za zamani zilipopita kabla ya mnyaa kuzifunga. Hajakanyaga ndani hata siku moja.

"Kushoto kidogo," anasema asubuhi hii. "Hapo ndipo wanawake wa samaki walikuwa wanapita. Hapo hapo. Wewe, mbona unakata kama unamkata adui?"

"Shuka ukate wewe."

"Mimi ni mkubwa wa kazi."

"Mkubwa wa kazi huleta chai, Baba Levi."

Saa mbili na nusu mlango wa nne uko wazi. Kibanda kilivunjwa Jumatatu na majembe sasa yako nyuma ya duka la Asli, kati ya maboksi ya ndala. Filister anaosha panga kwa majivu na mafuta ya taa, maana utomvu hautoki kwa maji. Kisha anakaa barazani, na kwa mara ya kwanza leo hana la kufanya.

Ni siku ya soko. Watu ni wengi barabarani. Wanatazama ile milango mipya, wanapunguza mwendo, wanapita pembeni. Saa tatu bustani haina mtu. Saa tatu na robo, haina mtu. Asli amewatuma watoto, wakafika kwenye mlango mpya wakasimama, Sumayya akageuka kumtazama mama yake.

"Desturi ya miaka minne haifi kwa panga," Filister anasema. Vidole vyake vinakunja na kukunjua kipande cha kitambaa cha kijani.

Anayeivunja hajui kwamba anavunja kitu. Anaitwa Nyanchama, anauza ndizi, na hutoka Kisii kila siku ya soko. Ana mkungu kichwani na mwingine mkononi. Anaiona njia fupi ya kufika sokoni, anaifuata.

"Wee mama!" kijana wa bodaboda anamwita. "Unapita kwa watu!"

Nyanchama hageuki, kwa kuwa mkungu haumruhusu. "Watu gani? Mimi naona nyasi."

Anaingia mlango wa magharibi, anatokea wa mashariki. Nyuma yake anakuja mwenye beseni la omena, kisha wanaume wawili wanaosukuma mkokoteni wa kabichi. Watoto wa Asli wanakimbia ndani. Mzee mmoja anaketi kwenye benchi, katikati ya benchi, na kuvua kofia. Hakuna aliyeomba ruhusa, na Filister anawatazama huku ameuma kipande kile cha kitambaa.

Afisa anafika saa nne na dakika kumi. Ni Bwana Werema, mtu wa Kehancha, mfupi, mwenye faili la bluu. Anafika kwenye lango la zamani, anasimama, anakohoa kidogo na kungoja. Anashtukia mwenyewe anachofanya. Wachuuzi wanaangua kicheko, naye anatabasamu kwa shida na kuingia.

Anazunguka yote. Anapima mapana ya milango kwa hatua. Kwa nusu saa anahesabu wanaopita kwa kuchora vijistari kwenye karatasi, na vinafika hamsini na tatu. Anauliza habari za mbuzi, kwa kuwa tayari wawili wamekwisha kuchungulia.

Filister amejiandaa kwa swali hilo. Wachuuzi wanane wamekubali kushika zamu siku za soko, wawili kwa kila mlango. Asli atalinda upande wake kutoka dukani kwake. Na kwa miche iliyoliwa miaka ile, Filister ameotesha siala mia moja na tisa kwenye pakiti tupu za maziwa, ziko barazani chini ya meza ya cherehani. Mvua ikianza, zitapandwa, na kila mti utapewa mtu wa kuujengea kizimba cha vijiti.

"Nitapoteza kadhaa," anamwambia afisa. "Afadhali mti uliwe na mbuzi kuliko uwe wangu."

Werema anaandika. Kisha kalamu inasimama.

"Mama, milango nimeiona na watu nimewaona. Naweza kuandika kwamba hii ni bustani na ibaki bustani. Lakini kuna mstari mmoja siwezi kuujaza." Anatazama watu waliokusanyika. "Mnyaa unaota tena. Na sisi sote ni watu wa huku. Hata kwetu Kuria, mahali mtu alipohangaika, watu wake husema azikwe hapo. Kaburi likishaingia, hakuna faili litakalolitoa. Wewe ukifa, itakuwaje?"

Soko linaendelea, lakini watu wa karibu wanasogea kusikia.

"Sitaki kuzikwa hapa," Filister anasema. "Nina mahali pangu kando ya Paul."

"Nakuamini. Lakini siku hiyo wewe hutasema kitu. Nataka kumsikia atakayekuwepo."

Hakuna anayemtaja mtu, ila macho yote yanakwenda sehemu moja. Nashon yuko nje ya mlango wa nne, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Anamtazama afisa, kisha anamtazama mke wa kaka yake na lile jicho lake jekundu. Analaza baiskeli kwenye majani. Anaingia kupitia pale palipokatwa asubuhi, akiangalia asikanyage matawi, mpaka anasimama mbele yake.

"Mama Lynnet," anasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi steji. "Nikiwa hai siku hiyo, nitakuja na gari mimi mwenyewe. Nitakutoa popote utakapokuwa, nitakupeleka Kanyamkago, nitakulaza kando ya Paul. Nikiwa nimetangulia, Levi atafanya hivyo, na leo jioni nitamwambia. Hapa hatutachimba shimo la mtu. Tutachimba ya miti."